Mdomo wa Mama Mkwe

Miaka kumi na tisa nimekula nikimpa mgongo,
yeye nyuma ya pazia, na sahani yake ya madini,
mimi mezani, na bukari yangu na sombe,
kwa kuwa mkwe hamtazami mkwe akitafuna.
Hata kicheko chake nilikijua kwa sauti tu,
kama mvua ya nyumba ya jirani.

Tangu Pasaka mkono wake wa kuume umelala,
na nusu ya uso imelala nao.
Mwadi yuko Kasumbalesa, marobota ya vitenge yamezuiwa mpakani,
atarudi Jumamosi, akirudi.
Aliniachia ukurasa mmoja wa daftari:
Asubuhi, na usiku kabla hajalala.
Mkalishe wima, kidevu kishuke, asije akapaliwa.
Brashi laini, ile ya bluu. Dawa kama punje ya haragi.
Damu kidogo isikutishe.
Hakuandika lolote juu ya haya.

Usiku wa kwanza nilisimama karibu na kitanda
kama fundi aliyeitiwa injini asiyoijua,
mikono nimeinawa mara tatu
na oili bado imo kwenye kucha.
Mama Kyabu akafumba midomo.
Nami nikafumba macho.
Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, Katuba nzima ikipiga redio,
mpaka SNEL ikatuhurumia:
umeme ukakatika.

Gizani akafungua.

Nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwanza ukutani,
kisha dari, kisha, polepole, kwake.
Nilikuta nini? Ulimi mkavu kwa vidonge vya presha.
Meno sita ya chini, yake, ya kuzaliwa nayo,
yamesimama mbalimbali kama watu wasiosalimiana.
Na ndani ya shavu lililolala,
tonge la mchana, sombe imegeuka nyeusi,
limejibanza pale tangu saa saba
na mwenyewe hana habari.
Nililitoa kwa kidole kilichovikwa kitambaa cha maji.
Hakusema kitu. Chozi moja lilishuka, la upande ulio macho.

Meno ya juu ni ya kununua.
Yalitoka kwa mlio wa kizibo.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuliosha saa tatu ya usiku
juu ya karai lililotandikwa taulo
lisije likateleza likapasuka,
kwa maji ya baridi, maana ya moto hulipinda.
Nililisugua ndani na nje, kila kona,
kama ninavyosafisha plagi: uchafu hukaa usipopaona.
Nikalilaza kwenye kikombe cha maji, likabaki linacheka peke yake.

Kisha yale sita. Kisha ufizi. Damu ikaja, nikasita,
nikakumbuka daftari, nikaendelea.
Ndipo sauti ikatoka, imepinda, lakini yake:
“Bwana ya Mwadi. Mie si injini.”

Nikalegeza mkono.

Jumatano nilikata mpira wa tairi la baiskeli,
nikauzungusha kwenye mpini wa brashi hadi ukanenepa,
nikamtia mkono wa kushoto, ule usiojua kazi.
Alijipaka dawa puani. Akajaribu tena.
Alhamisi alisugua ya mbele mwenyewe,
akaniachia ya nyuma, na ulimi,
na lile shavu tulilokubaliana kuliita Kasumbalesa,
kwa sababu mizigo hukwama pale.

Jumamosi Mwadi akaingia na vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Akamwinamia mama yake, akamnusa mdomo kama unavyomnusa mtoto,
akanitazama. Akataka kuuliza.
Nikasema maji ya kuoga yako jikoni.

Tulikula.
Nilimpa mgongo, heshima ni heshima, pazia limeshushwa.
Lakini nilimsikia akitafuna, taratibu,
upande wa kushoto,
na nilijua ni jino lipi.